Kete 64 na Mpira wa Soksi: Namna ya Kuanzisha Saa ya Mchezo Nyumbani

Mjomba wangu wa Tanga alinifundisha bao kwa kunifunga. Likizo nzima alinifunga kila alasiri, barazani, mbele za watu, na hakuna siku aliyoniambia nimekosea wapi. Mimi nilivumilia kwa ukaidi tu. Binamu zangu watatu walikimbia, na mpaka leo wameota mvi na hawajui kimbi ni nini. Mwongozo huu nimewaandikia watu wa aina ya binamu zangu, na wazazi wenye watoto wa aina hiyo.

Ninachoeleza ni namna ya kupanga saa moja na nusu ya mchezo nyumbani, mara moja kwa wiki: nusu saa ya kukimbia, saa moja ya kukaa. Mchezo wa mwili ni rede, ule wa kukwepa mpira. Wa akili ni bao la kete. Wa kuwaleta watu karibu sikuuweka, kwa kuwa hakuna mchezo wa namna hiyo peke yake. Ukaribu unategemea umemkalisha nani na nani, na aliyefungwa anatendewaje. Hapo ndipo mjomba alipoharibu.

1. Tafuta saa, kisha uilinde

Kwetu ni Jumamosi, saa kumi na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili. Jua limelegea, sala ya alasiri imeshapita, ya magharibi bado, na jiko la usiku halijawashwa. Wewe chagua saa inayofuata mwendo wa nyumba yako. Saa inayogombana na jiko au ibada haitafika wiki ya tatu.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya wastani au makali kila siku, na mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukipiga hesabu utaona nusu saa yangu ya rede haifiki popote. Kweli haifiki. Lakini mtoto aliyefundishwa rede Jumamosi ataicheza Jumanne na wenzake bila wewe kuwapo, na Alhamisi tena. Kazi yako wewe ni kumwanzishia, na kumpa ruhusa ya kuchafuka.

2. Vifaa

Mpira: chukua soksi kuukuu, ijaze vitambaa vilivyochakaa mpaka ifike ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, kaza fundo, kata mkia. Jipige nao pajani. Ukiguta, umeukaza mno, fungua upunguze. Usitie mchanga wala kokoto ndani hata kidogo.

Bao: unahitaji mashimo 32, safu nne zenye mashimo manane kila moja. Seremala anaweza kukuchongea la mti zuri la kurithisha wajukuu, lakini usimsubiri. Tafuta trei mbili za mayai. Trei la mayai 30 lina safu tano za mashimo sita. Kwenye la kwanza ondoa safu moja, zibaki nne zenye mashimo sita. Kwenye la pili kata kipande cha safu nne zenye mashimo mawili mawili. Viunganishe kwa gundi au uzi, umepata nne kwa nane. Asiye na trei achimbe mashimo ardhini. Pale Hyrax Hill, karibu na Nakuru, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba wenyewe, kwa hiyo sisi wenye udongo laini hatuna la kujitetea.

Kete ni 64. Zenyewe hasa ni komwe, mbegu za mkomwe, kile kichaka chenye miiba kinachoota pwani: za kijivu, ngumu, zinateleza mkononi, na mlio wake zikidondoka kwenye mti ni nusu ya raha. Ukizikosa, kokoto za ukubwa mmoja au mbegu za ubuyu zinatosha. Kama nyumbani kuna mtoto anayetia kila kitu mdomoni, kete zikae juu kabatini muda wote ambao hamchezi, maana komwe moja inatosha kumpalia.

3. Anza na rede, bao lifuate

Mpangilio huu una sababu. Mtoto aliyekaa darasani siku tano, na Jumamosi asubuhi akapelekwa tuisheni, ukimkalisha tena mbele ya bao atageuza kete kuwa za kurushia kuku. Mwache atoke jasho kwanza.

Zanzibar wataujua mchezo huu zaidi kwa jina la nage, na Wakenya wengi watakumbuka kati. Warushaji wawili wanasimama pande mbili, hatua kumi hadi kumi na mbili baina yao. Wengine wako katikati wanakwepa. Anayeguswa na mpira anatoka. Ukitaka utamu zaidi, weka chupa tupu ya plastiki katikati: aliye ndani aijaze mchanga kwa mkono huku akikwepa, ikijaa aumwage na kupiga kelele "Rede!" Kila mtaa una sheria zake, waulize dada zako na mama zako, wao ndio wenye mchezo.

Tazama mwili unavyofanya kazi hapo. Macho yanafuata mpira, mkono unachota mchanga, miguu iko tayari kuondoka. Kuna kuinama, kugeuka ghafla, kuruka na kutua. Mifupa ya mtoto hupata nguvu kwa kubebeshwa mzigo wa namna hii, na ndiyo maana miongozo ileile niliyoitaja inataka mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Huhitaji kumweleza mtoto habari hizi. Yeye anataka kujaza chupa.

Mambo machache ya kuangalia. Pitia kiwanja kabla hawajaingia, okota vioo na misumari. Kichwa hakilengwi. Raundi ziwe fupi, dakika tano tano, na aliyetoka mapema ndiye awe mrushaji raundi inayofuata. La sivyo mtoto mzito wa miguu atakaa pembeni nusu saa nzima, na yeye ndiye aliyehitaji kukimbia kuliko wote. Mtu mzima mwenye goti bovu arushe, kwa sababu kurusha hakuhitaji mbio.

Wavulana watasema rede ni ya wasichana. Usibishane nao. Waingize katikati, mpira wape dada zao.

Wakishachoka, maji ya kunywa, wanawe mikono, mkeka utandikwe.

4. Fundisha bao la kujifunza kabla ya bao lenyewe

Mjomba aliniingiza moja kwa moja kwenye bao la kiswahili kamili, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Wazee walishaweka ngazi ya chini, na jina lake linajieleza: bao la kujifunza. Sheria zake ni hizi.

Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake. Weka kete mbili katika kila shimo, zote 64 zitaisha. Safu ya mbele ni ile inayotazamana na ya mwenzako; mashimo yake ya mwisho, kulia na kushoto, yanaitwa kichwa. Yanayofuatana nayo ni kimbi.

Zamu yako ikifika, chagua shimo lako lenye kete mbili au zaidi, zichote zote, uzigawe moja moja kuanzia shimo linalofuata, ukizunguka ndani ya safu zako mbili tu. Unaweza kwenda kulia au kushoto, lakini ukishaanza hubadili mwelekeo upendavyo. Shimo lenye kete moja halichotwi.

Kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lililokuwa na kete, na shimo la mwenzako linalotazamana nalo lina kete, umekula. Zichukue zile za mwenzako uzigawe kwenye mashimo yako kuanzia kichwa: ukiwa unakwenda kulia anza kichwa cha kushoto, ukiwa unakwenda kushoto anza kichwa cha kulia. Ukila kwenye kichwa au kimbi, unaanza kichwa kilicho karibu, hata kama mwelekeo utageuka.

Kete ya mwisho ikiangukia penye kete lakini hapana cha kula, chota zote zilizomo uendelee. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ni ya mwenzako.

Kama ipo nafasi ya kula, ni lazima ule. Kama haipo, unatakata: unagawa kete kwa utaratibu huohuo, ukianzia safu ya mbele ikiwezekana, na zamu yote hiyo huli. Anayeishiwa kete safu ya mbele, au anayebaki na kete moja moja tu kila mahali, amefungwa.

Sheria zikisomwa hivi zinachosha, kwa hiyo usizisome. Mkalishe mtoto ufanye naye zamu moja kama hii, bao likiwa limejaa mbili mbili. Mwambie achote shimo lake la tatu kutoka kushoto, safu ya mbele, aende kulia. Kete ya mwisho inaangukia shimo la tano, penye kete, na mbele yake kuna mbili. Amekula. Anazigawa kuanzia kichwa cha kushoto: moja kichwani, moja kwenye kimbi. Kimbi lilikuwa na kete, na mbele yake zipo mbili. Amekula tena. Anaanza tena kichwa cha kushoto, anamalizia kwenye kimbi lilelile, lakini safari hii mbele yake pametoka tupu. Basi anachota zote nne za kimbi na kuendelea: la tatu, la nne, la tano, la sita. Mbele ya la sita kuna mbili. Amekula mara ya tatu. Anagawa kichwani, kisha kwenye kimbi alilotoka kulichota. Ni tupu, analala.

Kwa mkono mmoja amekula kete sita. Mtazame uso.

Baada ya hapo muulize swali moja tu: ungeanza shimo la nne ungemalizia wapi? Hapo ndipo mazoezi ya akili yanapoanza. Ili ajibu bila kugusa, inabidi akumbuke ni mashimo gani yamebadilika, yana ngapi sasa, na yale ya upande wa pili yamebaki vipi, huku hesabu yenyewe ikiendelea kusogea. Wiki mbili za kwanza mruhusu ahesabu kwa kidole hewani. Kisha macho tu. Utaona pia mkono unaanza kusita kabla ya kuchota, na kwa maoni yangu huko kusita ndiko faida kubwa kuliko kuhesabu: mtoto anajifunza kutolifanya jambo la kwanza lililomjia kichwani. Kwamba atakuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, hilo sikuahidi. Bao humfanya mtu awe hodari wa bao kwanza. Mengine yanakuja kwa kiasi chake.

5. Nani akae na nani

Babu na mjukuu, au bibi na mjukuu, ndio jozi ya kwanza kuipanga. Kwa desturi zetu hao ni watani, wanaweza kutambiana bila mtu kuhesabu kuwa heshima imevunjwa. Mjukuu akimwambia "Babu leo unalala njaa, nyumbani kwako hamna kitu", mzee atacheka na kumjibu kwa ukali wa uongo, "Ngoja mke wangu nikuonyeshe", na bao litanoga. Baba akiambiwa hivyo na mwanawe, hewa inabadilika.

Mzee naye ananufaika. Mwaka 2003 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliofuatilia watu 469 wa New York wenye umri zaidi ya miaka 75. Waliokuwa wakicheza michezo ya ubaoni, kusoma, kupiga ala za muziki au kucheza dansi walipatwa kwa uchache zaidi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mchezo ndio uliowakinga. Yawezekana wenye akili zilizo bado timamu ndio wanaoendelea kucheza. Hata hivyo, mzee anayesubiriwa kila Jumamosi saa kumi na nusu ana sababu ya kunyoa ndevu na kutoka chumbani, na hilo halihitaji utafiti.

Jozi ya pili ni mzazi na kijana aliyefunga mdomo. Ukimwita kijana wa miaka kumi na sita umwambie "kaa hapa tuzungumze", umeshamfukuza. Mbele ya bao macho yenu yote yako kwenye kete, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na maneno hutoka yenyewe kati ya zamu na zamu. Mwanangu mkubwa aliniambia kwamba hataki mchepuo wa sayansi huku akitakata. Sikuinua kichwa. Nilisema "Haya, cheza", na tukarudi kwenye habari hiyo baada ya zamu tatu.

Jozi ya tatu ni mama na yeyote. Bao la barazani limekaa mikononi mwa wanaume, na sioni sababu ya kuihamishia desturi hiyo uani. Kwangu mimi mke wangu ndiye fundi sasa, jambo ambalo mjomba, Mungu amrehemu, asingeliamini. Na akitokea jirani wa kusema bao ni la wasio na kazi, mkumbusheni kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, na kazi alikuwa nazo.

6. Kufungwa

Wiki ya tatu mwanangu wa pili, mwenye miaka tisa, alipindua bao. Kete zilitapakaa mpaka kwa mpangaji wa jirani. Nilitaka kumfokea, nikakumbuka kuwa jioni ile nilikuwa nimemfunga mara nne mfululizo, na mara ya nne nilitamba. Tuliokota kete pamoja, mimi na yeye, bila hotuba.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu ufuatao, nawe unaweza kuuchukua.

Mkubwa hamwachii mdogo ashinde makusudi. Mtoto anajua, na ushindi wa kupewa hauna ladha. Badala yake anampunguzia nguvu kabla ya kuanza. Atoe kete moja katika kila shimo lake la nyuma, hizo nane ampe mtoto aziweke moja moja kwenye safu yake ya nyuma. Mkubwa anabaki na 24, mtoto ana 40, na mchezo ni wa kweli kwa wote wawili. Mafundi wa barazani watanicheka kwa sheria hii. Wacheke, wao hawana mtoto wa miaka tisa mbele yao.

Mshindi haondoki mpaka amemwonyesha aliyefungwa zamu moja iliyoamua mambo: "Hapa ungeanzia kichwa cha kulia, ungenimaliza." Ni dakika moja tu. Hicho ndicho nilichokikosa likizo nzima Tanga.

Tambo ziruhusiwe, ila zilenge mchezo. "Kimbi lako lina kutu" ni tambo. "Wewe mjinga tangu shule" si tambo. Wapambe wanaosimama nyuma wasinyooshe vidole kwenye bao. Mwenye hamu ya kucheza asubiri zamu yake.

Pesa isiingie. Hata mia mbili. Nimeona meza ya karata mtaani ikianza na soda na kuishia na watu wasiosalimiana, na mara fedha inapokaa mkekani, mtoto na bibi wanaondolewa, wanabaki wenye mfuko.

7. Simu

Sikatai michezo ya simu, nami ninayo ya kungojea daladala. Shirika la Afya Duniani limetia uraibu wa michezo ya kielektroniki katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini tazama wanaouita ugonjwa ni hali gani: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umepanda juu ya shughuli zake zote, na anaendelea ingawa unamharibia maisha, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Mtoto anayecheza nusu saa baada ya kazi za shule hayumo humo. Kwenye saa ya mchezo, simu zote, na za wazazi zikiwamo, ziwekwe ndani ya sufuria na kufunikwa. Zangu mimi ndizo zilizokuwa zikilia zaidi.

8. Baada ya miezi miwili

Wakishalizoea bao la kujifunza, wapandishe. Katika bao la kiswahili kila mchezaji ana shimo la mraba safu ya mbele, la tano kutoka kushoto, liitwalo nyumba. Weka kete sita ndani ya nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake. Zilizobaki, 22 kwa kila mtu, zinakaa pembeni, na mnaziingiza moja moja kila zamu, ndiko kunamua. Zikiisha ndipo mnaingia mtaji, ambao ni kama kile mlichokuwa mkicheza. Sheria za nyumba, lini ilale na lini isafiri, hazijifunzwi vizuri kwa maandishi. Mchukue mtoto, nendeni barazani kwa wanaolijua, msalimie, mkae kimya mtazame mechi mbili kabla ya kuuliza neno.

Na kila jioni, kabla mkeka haujakunjwa, hesabuni kete. Ziwe 64. Zikipungua, anzeni na mfuko wa mdogo kuliko wote.